Usilale Chini ya Mjozi

Majani yalipoanza kupukutika, kijiji kizima cha Arslanbob kilifunga milango kikapanda msituni. Ndivyo ilivyo kila mwaka. Jozi, zile kokwa za ganda gumu, zikianza kudondoka zenyewe, kijijini habaki mtu ila mgonjwa, paka na mwenye msiba wa jana. Hata shule hufungwa, maana mwalimu naye ana miti yake.

Mzee Tojimat alikuwa ameapa hapandi. Mkewe Hosiyat alifariki kwenye theluji iliyopita, na mwaka wa msiba ulikuwa haujatimia. Msituni watu hucheka, huchoma viazi, huimba kwenye moto. Mfiwa anafuata nini huko? Aliketi kwenye kochi la mbao uani, mikono mapajani, akawaangalia wengine wakifunga mizigo.

Mke wa mwanawe, Mahfuza, hakubishana naye. Alipakia turubai, sufuria na magodoro juu ya punda, akawavisha watoto sweta mbilimbili, kisha akaja kusimama mbele yake.

"Baba, mimi Mungu kanipa mikono miwili. Mmoja wa kuokotea jozi, mmoja wa sufuria. Hawa watoto niwashike kwa meno?"

Mzee akavaa viatu.

Mume wa Mahfuza, Rahimjon, yuko Urusi anajenga maghorofa ya watu wengine. Amewaacha nyumbani watoto wawili. Mkubwa ni Oydin, msichana aliyekwisha kuanza shule, ingawa ulimi wake ulianza mapema kuliko yeye. Mdogo ni Sanjar, ambaye shule bado haimjui.

Siku hiyo Sanjar ndiye aliyekuwa wa kwanza juu ya punda. Hakulilia baridi wala peremende. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akamwambia babu yake, "Twende upesi, Babu. Bibi ametungoja sana."

Mzee akashika mkia wa punda, akajifanya anakaza kamba.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya kumzika Hosiyat, wanaume walipoinua jeneza, Sanjar alitoka ndani pekupeku, macho bado yana usingizi. Akauliza, "Bibi wanampeleka wapi?" Wanawake walikuwa wanalia, hakuna aliyemsikia ila babu yake. Na mzee, ambaye maisha yake yote hakuwa mtu wa maneno mengi, mdomo ukamtangulia.

"Msituni. Anakwenda kuokota jozi."

"Kwenye theluji?"

"Atazingoja ziive."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akarudi kulala. Kwake lilikuwa jambo la akili kabisa. Kila mwaka Bibi hupanda msituni, na kila mwaka hushuka, mikono myeusi kwa maganda, mifuko ya gauni imejaa. Mzee alidhani atasahau. Lakini mtoto husahau alikoweka kiatu, hasahau alichoahidiwa na mtu mzima. Theluji ikayeyuka, akauliza, "Zimeiva?" Aprikoti ndogo za manjano zikaiva, zile za kule bondeni, akauliza, "Na jozi?" Wakati wa kukata majani ya ng'ombe akauliza tena. Kila mara mzee alijibu, "Bado." Sasa zimeiva. Njia ya mwongo ni fupi, nayo ilikuwa inapita pale pale, katikati ya mawe, punda mbele, mzee nyuma.

Na kwa nini alisema msituni? Angeweza kusema mjini Osh, au kwa shangazi. Hilo mzee alilijua, hakumwambia mtu. Neno hilo lilikuwa tayari limelala kwenye ulimi wake. Mapukutiko ya mwaka jana Hosiyat alikuwa amelala karibu na dirisha, amebaki mifupa na macho. Alimwambia, "Tojimat, nipandishe. Siku moja tu. Nikae kwenye moto na watoto, niwatazame." Naye akamjibu, "Baridi itakumaliza. Mwakani. Msitu hautakimbia."

Msitu kweli haukukimbia. Ulikuwa pale pale, wa manjano kote, unanukia majani yaliyolowa na moshi.

Walipiga turubai kwenye uwazi, chini ya mitofaa mwitu. Hakuna anayepiga turubai chini ya mjozi, mti wa jozi. Kivuli cha mjozi ni kizito. Ukilala chini yake unaamka kichwa kimejaa mawe, au huamki kabisa. Kila mtu pale anajua, lakini Hosiyat alikuwa askari wa sheria hiyo. Alikuwa akiona mtu amejinyoosha chini ya mti, hata wa jirani, anamwendea mbio na kumrushia maganda. "Inuka! Mjozi haugawi kivuli bure!" Mwaka mmoja alimrushia ganda imamu mwenyewe. Imamu aliinuka, akakung'uta kilemba, akasema ahsante.

Mzee aliketi kwenye gunia tupu. Alikuwa amejiwekea sharti: atalinda watoto, hatafurahi.

Sharti halikufika adhuhuri.

Mirzakul, jirani yao, ndiye aliyekwea miti mwaka huo. Magoti ya mzee yalikuwa hayapandi tena kitu kirefu kuliko punda. Mirzakul akasimama kwenye tawi la juu, akashika tawi jingine kwa mikono, akapiga kelele.

"Mzee Tojimat! Umekuja kuokota, au umekuja kuwapa ndege mawaidha?"

"Nimekuja kukuona ukianguka."

"Basi sogea, nisikuangukie. Nitakosa mtu wa kunibeba!"

Akatikisa. Jozi zikanyesha. Zikapiga majani, zikapiga mawe, zikampiga punda mgongoni, punda akalalamika. Oydin na Sanjar walijifunika sufuria vichwani wakakimbia ndani ya mvua ile wakipiga mayowe, na kila jozi iliyogonga sufuria ikawafanya wacheke hadi wakaanguka. Sanjar akaanguka kwenye rundo la majani, yakamfunika, ikabaki pua. Mzee akaenda kumtoa. Mtoto akamvuta. Wakawa wawili ndani ya majani.

Hapo ndipo mzee alipocheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi. Alikisikia kwanza, ndipo akajua ni chake, na mara akakiona kibaya, kama mtu aliyejikuta amevaa viatu vya maiti.

"Babu anacheka!" Oydin akasema.

"Cheka tena," Sanjar akasema. "Cheka kwa nguvu. Bibi akisikia, atajua tuko hapa."

Mzee akasimama. Akajikung'uta majani mpaka yakaisha, akaendelea kujikung'uta.

Jioni ile walichoma viazi kwenye majivu. Mahfuza alivunja mkate. Mirzakul alikuja na birika lake, akaketi, akanyoosha miguu kuelekea motoni. Mikono ya wote ilikuwa imekwisha kuwa myeusi, ule weusi wa ganda la kijani usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga, mpaka ngozi yenyewe ichoke. Sanjar alikuwa anapanga jozi ndani ya kofia yake. Alichukua zile zenye ganda jembamba tu, linalovunjika kwa vidole. Nyingine alizitupa kwenye gunia bila kuziangalia.

"Huyu mfanyabiashara," Mirzakul akasema. "Anachagua kama bibi harusi. Za nani hizo, bwana mdogo?"

"Za Bibi. Hana meno."

Mirzakul akacheka kidogo, akatikisa kichwa kwa huruma. Hakujua mtoto ameambiwa nini. "Marehemu angekuwepo hapa, mimi ningeshakula ganda la kichwa kwa kunyoosha miguu. Mungu amrehemu."

"Amina," akasema Mahfuza, kwa sauti ndogo.

Sanjar akainua uso. "Marehemu ni nani?"

Kuni zilialika motoni. Mirzakul akamwangalia Mahfuza, Mahfuza akamwangalia mzee, mzee akaangalia kiazi chake.

"Mtu," mzee akasema. "Mtu mmoja tu."

Oydin akakiweka kiazi chake chini, hakukimaliza. Akaingia kwenye turubai bila kuagana na mtu. Mzee alikitafuna cha kwake, kikawa udongo mdomoni. Yeye na Hosiyat waliishi pamoja tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alimzalia, alimpikia, alimshonea hii kofia aliyoivaa kichwani. Mtu mmoja tu.

Asubuhi Mahfuza alimkuta kwenye kijito, anasugua mikono kwa mchanga bure.

"Baba, mwambie."

"Nitamwambia."

"Nikimwambia mimi, atakuja kukuuliza wewe. Neno lilitoka kwako."

"Najua lilikotoka."

"Lini, basi?"

"Kesho."

Mahfuza alichota maji yake. Akasema, "Kesho yako ndefu, Baba," akaondoka.

Kesho ikaja, ikawa nzuri mno kwa habari mbaya. Jua lilitoka, ukungu ukapanda kutoka bondeni kama maziwa yanayochemka. Watoto wakataka kucheza jozi. Mchezo huo mzee aliucheza akiwa kama wao: unapanga jozi mstari, unasimama mbali, unarusha moja kubwa, ile unayoiangusha ni yako. Oydin alirusha vibaya, akasema upepo. Sanjar alirusha, ikamgonga punda. Mzee akasema atarusha mara moja tu, kuwaonyesha. Akaangusha nusu ya mstari.

"Mwizi!" Oydin akapiga kelele. "Babu ametupumbaza! Alijifanya hajui!"

"Babu mwizi," Sanjar akasema, akamrukia mgongoni.

Wakacheza mpaka chai ikapoa. Mzee alishinda jozi zao zote, akawarudishia, akazishinda tena. Kila aliporudi kuketi alikumbuka. Kila alipokumbuka alisema moyoni, wacha wamalize huu mchezo kwanza. Aliogopa kuvunja furaha ya mtoto, ndivyo alivyojiambia. Lakini alijua vilevile kwamba furaha aliyoiogopea ilikuwa yake. Mtoto alikuwa akimkumbatia shingo kwa sababu alidhani anapelekwa kwa bibi yake. Yeye alikuwa anakula mkate wa wizi, na ulikuwa mtamu.

"Bibi yuko mti gani?" Sanjar aliuliza kila walipohamia mti mwingine.

"Upande wa juu."

Wakahamia upande wa juu.

"Yuko upande gani sasa?"

"Mbele kidogo."

Mtoto akaanza kuita. Alisimama kwenye jiwe, akaweka mikono mdomoni. "Biiibi! Tumeshafika!" Msitu una watu majira hayo, kutoka ng'ambo ya bonde mwanamke fulani akaitikia kwa mzaha, "Haaaya!" Sanjar akageuka, uso wote unawaka. "Umesikia? Amesema haya!"

Mzee alisema amesikia.

Oydin alimngoja mpaka wakabaki wawili, wanamenya maganda ya kijani kwa mawe. Alipiga jiwe lake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Babu."

"Naam."

"Usiku ananiuliza mimi, wakati wewe unakoroma. Ananiuliza Bibi anakula nini huko, analala wapi. Mimi namwambia anakula uyoga. Jana nimemwambia ana nyumba ya majani." Akapiga jiwe. "Mimi sikuanza. Kwa nini mimi ndiye ninayemjengea nyumba?"

Mzee akamwambia asipige vidole vyake. Oydin akavuta kamasi, akaendelea kumenya.

Siku zikaenda. Magunia yakajaa, yakashonwa midomo. Asubuhi moja wakaamka, kilele cha mlima kimevaa wingu la chini, na upepo una harufu ya chuma. Mirzakul akanusa, akasema theluji iko njiani, mwenye akili ashuke leo. Kila mtu akaanza kufunga mizigo. Mzee alikuwa anakunja turubai pamoja na Mahfuza, yeye ncha hii, yule ncha ile, Mahfuza aliposimama ghafla.

"Sanjar yuko wapi?"

Kwa punda hayupo. Kwenye kijito hayupo. Kofia yake, ile yenye jozi, nayo haipo. Mirzakul akashika njia ya chini akiita. Mahfuza akakimbilia kijito tena, kwa sababu mama hufikiria maji kwanza. Oydin alikuwa amesimama tu, amemwangalia babu yake.

"Amesema leo tunashuka na Bibi bado hajaja," akasema. "Alilia kidogo. Kisha akaacha kulia, akasema amejua la kufanya."

Mzee hakuuliza zaidi. Akashika njia ya juu.

Kuna mjozi mmoja peke yake ukingoni mwa miti yao, mkongwe, shina limejisokota kama nguo iliyokamuliwa. Jozi zake ni zile za ganda jembamba. Hosiyat aliuita wake, na hakuna aliyemshitaki. Sanjar alikuwa chini yake. Alikuwa amelala chali, mikono kifuani, macho yamefumbwa, kofia pembeni. Majani yalikuwa yamemwangukia miguuni na tumboni. Hakutikisika.

Mzee, ambaye magoti yake hayakuwa yamekimbia tangu siku nyingi, alikimbia. Haamki kabisa, alikuwa akiwaza. Haamki kabisa. Akaanguka mara moja, akainuka, akafika, akamshika mtoto uso kwa mikono yake myeusi.

"Sanjar!"

Jicho moja likafunguka.

"Usiniamshe, Babu. Niache."

"Unafanya nini hapa? Hujui hapa hapalaliwi?"

"Najua." Jicho likafumbwa tena. "Nimelala ili Bibi aje anifukuze."

Mzee akakaa chini. Mtoto alikuwa amefikiri vizuri kuliko wote. Angekuwa hai popote, kwenye mlima wowote, Hosiyat angekuja. Angeona mjukuu wake chini ya mjozi, angeshuka na mawe na maganda na sauti yake ile. Hakuna njia bora ya kumwita.

Ilimpasa amwinue. Badala yake akalala chali kando yake, majanini, chini ya mjozi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Na wewe!" Sanjar akanong'ona. "Wawili! Sasa atakuja mbio."

Wakangoja. Juu, matawi yalikuwa karibu yako wazi. Jani lilijitoa, likazunguka, likachukua muda wake, likatua kwenye ndevu za mzee. Pahali pazuri. Hiki ndicho Hosiyat alichotaka kukitazama, mzee aliwaza. Siku moja tu, alisema. Ningembeba mgongoni, alikuwa hana uzito tena. Ndege mmoja akalia upande wa bonde, akanyamaza.

"Labda yuko mbali," Sanjar akasema.

"Sanjar."

"Labda hajatuona."

"Haji, mwanangu."

"Atakuja. Amesema haya, juzi."

"Hakuwa yeye. Bibi amekufa. Amekufa tangu theluji ile. Siku ile walipombeba, hakuwa anakuja huku. Walimpeleka makaburini, wakamzika. Mimi nilikuwepo."

Mtoto akafungua macho yote mawili. Akaketi. Majani yakamwanguka kifuani.

"Ulisema yuko msituni."

"Nilisema."

"Ulisema anangoja ziive."

"Nilisema uongo."

Sanjar akafikiri. Alikuwa bado halii. "Mama anajua?"

"Anajua."

"Oydin?"

"Anajua."

"Mirzakul?"

"Anajua. Kijiji kizima kinajua."

"Punda?"

"Punda hajui. Punda hakuna aliyemwambia."

Hapo ndipo mtoto alipoingiza mkono kwenye kofia, akachukua jozi, akamrushia babu yake kifuani. Akarusha nyingine. Zilikuwa za ganda jembamba, haziumizi. Mzee hakujikinga. Sanjar alirusha mpaka mkono ukachoka, kisha akalia, kilio cha mdomo wazi, kisicho na sauti mwanzoni, halafu kikapata sauti. Mzee alinyoosha mkono. Mtoto akausukuma.

Na nyuma yao mtu akapiga kelele.

"Inukeni! Mjozi haugawi kivuli bure!"

Sauti ilikuwa ile ile, kali, na ganda la kijani likampata mzee begani. Sanjar aligeuka kwa nguvu, kilio kimekatika katikati, uso umefunguka wote.

Alikuwa Oydin. Amesimama juu ya jiwe, kiganja kimejaa maganda, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Uso wa Sanjar ulijifunga polepole. Mzee aliuona ukijifunga, na akajua kwamba huo ndio atakaouona kila atakapofumba macho, mpaka siku yake. Lakini mtoto aliinuka. Wote wawili waliinuka, kwa sababu wameambiwa.

Sanjar akaokota jozi zake, moja moja, akazirudisha kwenye kofia. Ile iliyokuwa imenasa kwenye mkunjo wa koti la babu yake aliichukua pia, bila kumwangalia usoni.

Walishuka. Sanjar hakutaka mgongo wa babu, wala mkono wa mama, wala wa dada. Alitembea njia nzima ameshika kamba ya punda, bega kwa bega na yule mwingine ambaye hakuambiwa. Mara moja mzee alimwona akimsogelea punda sikioni, anamwambia jambo. Punda akatikisa masikio. Mirzakul, aliyekuwa amekwisha kuelezwa, hakufanya mzaha hata mmoja.

Makaburi yako pale kijiji kinapoanza, kwenye mteremko. Mahfuza alisimamisha punda, akamwangalia mkwewe. Sanjar akauliza, akiwa ameelekeza uso kwa punda, "Ni hapa?"

"Ni hapa," mzee akasema.

Mahfuza akabaki na punda. Mzee akaingia na watoto, wakapita kati ya vichuguu vya udongo mpaka kwenye kile ambacho bado kilikuwa kipya, nyasi za msimu mmoja tu. Mzee akainua mikono akasoma dua. Oydin akainua yake. Sanjar hakuinua. Alikuwa anaangalia kaburi, kisha akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akakitupa kichwa nyuma akatazama juu. Juu hapakuwa na tawi. Palikuwa na wingu, na chembe za kwanza za theluji zinazoshuka bila haraka.

"Hakuna mjozi," akasema.

"Hapa hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mtoto akapumua. "Basi ni sawa. Angekuwa chini ya mjozi, angekasirika."

Akachuchumaa, akamimina jozi kutoka kwenye kofia, akazipanga mstari kwenye udongo, kama za mchezo. Kisha akaziangalia akakunja uso. Hata ganda jembamba ni ganda. Akatafuta jiwe, akagonga ya kwanza, akatoa mbegu iliyojikunja, akaiweka peke yake. Mkono wake ulikuwa mdogo, jiwe lilikuwa kubwa.

"Mwakani tutamletea nyingi zaidi," akasema, kama mtu anayesema na mkono wake.

"Usiseme mwakani," mzee akasema.

Oydin akamgeukia. Sanjar naye, kwa mara ya kwanza tangu kule juu, akamtazama babu yake machoni.

"Kwa nini?"

Kulikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa kooni tangu mapukutiko ya mwaka jana, pale dirishani, na lilikuwa zito kuliko lile alilokwisha kulitoa. Mzee alifungua mdomo. Theluji ikamwingia mdomoni, akaufunga.

Sanjar akamsogezea jiwe.

"Basi pasua," akasema. "Wewe una nguvu. Mimi nitapanga."

Mzee akapiga magoti kwenye udongo wa mkewe, akalichukua jiwe, akaanza kupasua.